Ufunguo Niliopewa na Kampuni

Mjukuu wangu Baraka,

Natumai kikohozi cha mama yako kimeisha. Mimi nipo hapa Al Wakrah, karibu na Doha, joto limetushika.

Unauliza kama ukubali chifu akuteue msemaji wa vijana bila kura. Nilipofika Doha nikiwa kijana, kampuni ya usafi ilinipa ufunguo wa hosteli na kuniita kiongozi wa wanawake bila kuwauliza wenzangu. Kampuni iliponiuliza, nilimripoti msichana aliyeficha mimba, akarudishwa kwao.

Ijumaa asubuhi wenzangu waliketi mlangoni kwangu wakigonga sufuria na kuniimbia matusi. Aliyewaongoza ni Ngozi, Mwigbo wa Nigeria.

"Toka, mama chifu! Nani alikutawaza?"

Baadaye alinieleza kwamba kwao watu waliamua mambo mkutanoni, mpaka Waingereza wakawabandikia machifu waliopewa cheti na serikali. Nyanya zake waliwaketia machifu hao mlangoni kwa nyimbo za matusi, vivyo hivyo.

Nilirudisha ufunguo, lakini msichana hakurudi. Tangu hapo nimesoma mengi na kugombana na wengi juu ya ukoloni, na kila mara naona kwamba yule chifu wa kubandikwa, mwenye ufunguo, nilikuwa mimi.

Waulize vijana kwanza. Wakikukataa, mrudishie chifu barua yake ya uteuzi kabla hajakuomba umtaje mwenzako.

Nyanya yako