Simfonia Yako na Blanketi la Baba Mdogo

Kaka Yusufu,

Shikamoo toka kwenye vumbi la Dodoma. Gitaa usiliuze bado.

Jana, kwenye harusi ya binti wa Shangazi hapa Area D, nilimpa DJ kaseti yako aipige, ile simfonia uliyoigeuza kwa magitaa ya umeme. Ilipoanza nikajificha nyuma ya spika, maana Baba Mdogo, aliyesema umewatukana watunzi marehemu wa Ulaya, alikuwa kwenye foleni ya zawadi. Akacheza na blanketi hadi kwa maharusi, akalikabidhi. Simfonia bado inaendelea! Akalichukua tena, akarudi nyuma ya foleni.

“Kaka, si umeshatoa?” Shangazi akang'aka.

“Muziki haujaisha. Nicheze mikono mitupu?”

Ulipoisha akaniita, jasho likimchuruzika: “Upande wa pili wa kaseti kuna nini?”

Msalimie Mama, na ule ushibe.

Mdogo wako,
Zaina