Nimepiga Gitaa Lililozimwa

Jumapili jioni, Kihesa. Baridi na mawingu tangu asubuhi. Nina hasira.

Leo mama amepanda gari kutoka Kalenga kuja kunisikia nikiipigia kwaya gitaa kanisani. Mara ya kwanza. Miaka yote amekuwa akisema gitaa ni la wanaume, na mimi, muuzaji wa duka la dawa mwenye watoto wawili, natafuta nini huko. Leo kavaa kitenge kipya, kakaa benchi la pili.

Nikapiga. Jamani, nilipiga! Kodi ya F, yaani zile noti za kupigwa kwa pamoja, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita, imenitesa mwaka mzima. Leo imetoka safi. Na kwenye kiitikio nikachomeka kodi yangu mpya, E, ya kupitia kabla ya kuingia kwenye kodi ya A maina.

Baada ya ibada mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona wewe sijakusikia? Nimeona vidole tu vinahangaika."

Nikamfuata fundi mitambo. Akaangalia chini. "Dada Upendo, mwalimu wa kwaya aliniambia nikuzime kwenye spika. Tangu wimbo wa kwanza."

Tangu wimbo wa kwanza!

Ningejuaje? Spika zinatazama waumini, na ngoma ziko mgongoni kwangu.

Nilimkuta mwalimu wa kwaya anakusanya karatasi zake. Sikumsalimia.

"Umenizima mbele ya mama yangu."

"Sikujua kama mama yupo. Lakini ile kodi yako inawapoteza waimbaji wa sauti ya pili. Tangu mazoezi ya Alhamisi."

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi?"

"Ungekasirika, dada yangu."

"Na sasa nimefurahi?"

Akawaita akina mama wawili wa sauti ya pili waimbe kiitikio. Nikawasha gitaa, nikapiga E yangu. Wao wakashikilia noti ya so. Kodi yangu ina noti iliyo nusu sauti juu ya hiyo so. Ikawa kelele. Hata mama, aliyekuwa akinisubiri mlangoni, alikunja uso.

Nilikosea.

Naandika hapa kwa sababu mbele ya mwalimu sikukiri. Ile kodi niliiokota kwenye video ya simu, nikaipenda, nikaibandika. Sikusikiliza wanaimba nini. Nilikuwa nasikiliza vidole vyangu tu.

Lakini mpiga gitaa la besi anapotea kila Jumapili! Yeye ni mwanaume, anasubiriwa, anaelekezwa, wimbo unaanza upya. Mimi nazimwa kimyakimya, naachwa nitabasamu ibada nzima. Nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Aliziweka karatasi zake chini. Kisha akasema, "Nimekukosea. Samahani."

"Mwambie mama."

Akaenda mlangoni, akamwambia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Sawa, baba. Sasa mwacheni apige."

Nikapiga kwa kodi za kawaida tu, wale akina mama wawili wakaimba. Mama alifumba macho. Nilipomsindikiza kwenye gari akaniambia: "Kumbe unajua."

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi kidogo. Lakini kila nikikumbuka nilivyokuwa nikitabasamu pale mbele, damu inachemka.

Mwalimu sijamsamehe bado. Sitajidanganya.

Alhamisi nitaenda mazoezini. Nitakaa katikati ya sauti ya pili, gitaa likiwa ndani ya begi, niimbe mstari wao mpaka niujue kwa moyo. Kodi ya E nitaitafutia pengine pa kukaa. Na mwalimu akiona nimekosea, aniambie usoni. Nikikasirika, nikasirike.