Barua Iliyosomwa Mbele ya Bamama

Kamina, 4 mwezi wa pili 1951

Gamaliel mutoto wangu,

Jambo sana. Baba yako Abner anakusalimia, mugongo ingali inamuuma juu ya kazi ya reli. Dada yako Phébé iko muzima. Nkambo yako Kyabu, aliyemuzaa baba yako, anauliza kama samaki ya huko imekunenepesha. Mama Augustine wa jirani anasalimia, na ule mutoto wake mulizi. Na weye, kifua? Usilale karibu na maji.

Phébé anafua nguo kwa muzungu mumoja. Mutoto wa pale alitupa kaye yake, daftari ya shule, Phébé akaiokota, njo nakutumia. Kurasa nyingi iko nyeupe, wanafunzi wako wataandikia.

Mama yako, Tamar

Kinkondja, 11 mwezi wa tatu 1951

Mama mupendwa,

Jambo. Kifua kimepona. Salamu kwa wote.

Ile kaye sikuwapa batoto, niliisoma mimi. Mutoto wa miaka kumi, Mama! Hesabu za sehemu, mito ya dunia, sababu ya mvua. Nikafungua programu yetu ya mwaka wa nne: shamba, vikapu, usafi, Injili, hesabu kidogo. Muinspekta alitufasiria: mweusi afundishwe kile atatumia kwao, akipewa zaidi atapotea. Lakini ule wa muzungu, nani alimuuliza atatumia nini mito ya Uchina? Yeye wanamufungua akili kwanza, kazi itafuata.

Sasa saa ya vikapu nafunga mulango, nawafundisha ya kaye. Kisimba, binti wa muvuvi, aliniuliza: «Mwalimu, hii walikuwa wanatuficha?»

Mama, maneno haya usimwambie mutu. Wakijua, watanifukuza.

Mutoto wako, Gamaliel

Kamina, 2 mwezi wa ine 1951

Gamaliel wangu,

Jambo sana, wote wanasalimia. Mutoto, roho yangu haitulii. Unajua barua ya mutoto wa mbali tunasomaka kisha maombi ya bamama, wote wasikie. Nicodème, karani wa misioni, alisoma na sauti yake ya kanisani. Kufika pa muinspekta, Mama Augustine akaruka: «Tamar, ulizaa muntu!» Tukapiga vigelegele. Madamu muzungu wa misioni alikuwa amekaa, naye anacheka. Kisha Nicodème akafika chini, pale uliandika nisimwambie mutu. Akakunja karatasi mbio. Madamu akaomba barua aitazame.

Pengine si kitu. Alicheka, nakuambia.

Mama yako

Bukama, 20 mwezi wa tano 1951

Mama,

Muinspekta alikuja saa ya vikapu. Nimefukuzwa, cheti ya ualimu wamechukua. Naenda Ndola kutafuta kazi. Kamina sitapita.

Gamaliel

Kamina, 9 mwezi wa kumi 1951

Gamaliel mutoto wangu,

Jambo. Baba yako anasalimia, siku hizi hasemi mingi. Phébé anasalimia. Nkambo Kyabu alituacha mwezi wa nane, mpaka mwisho alikuwa anauliza weye. Mama Augustine haji tena kwangu, anaona haya.

Hii naandika minyi mwenyewe, si Nicodème, siku ya tatu leo. Shule yangu ilikuwa kushona na kuimba. Nilishona vizuri sana, walinisifu. Hakuna aliyefikiri siku moja nitapata barua ya mutoto, nitapashwa kuisoma peke yangu. Sijitetei. Nilitaka tu wasikie akili yako.

Nimetuma barua mbili, hukujibu. Hii namupa Mwanza, mwenzake baba yako wa reli, anajua bantu kule Ndola. Jibu upesi, mutoto. Kama maneno hakuna, tuma bahasha tupu, bora jina langu umeandika weye.

Mama yako, Tamar