Mkanda wa Lisandro

Vigo, 2 Mei 2018

Dada yangu Nélida,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa mgongo, ambao mvua ikinyesha hunikumbusha kila sanduku nililowahi kubeba, na hapa Vigo mvua haina likizo. Natumaini nawe u mzima, lile goti la kushoto limeikubali dawa ya daktari mpya, na mto haujapanda tena hadi bustanini kama mwaka juzi. Nisalimie Doña Casimira, kama bado anaoka ile mikate ya jibini, chipá, siku za Ijumaa na bado anawaambia watu kwamba mwizi wake wa kwanza nilikuwa mimi.

Barua yako ya Machi ilinifikia nikiwa napanga vitabu. Nilikaa nayo kwenye ngazi hadi giza likaingia dukani. Umenieleza jinsi mlivyosafiri na wazazi wenzako, jinsi upepo wa visiwa vya Malvinas ulivyokupokonya kitambaa cha kichwani, na jinsi ulivyopiga magoti mbele ya kaburi ambalo kwa miaka yote hii halikuwa na jina, na sasa limeandikwa jina la mwanao, Lisandro Vallejos. Umeninakilia orodha ya vitu ambavyo wataalamu waliofukua kaburi walivikuta naye: rozari uliyompa, kijiko, na mkanda wa nailoni wa kijani wenye bizimu ya chuma iliyogongwa namba. Kisha umeniuliza, kwa upole ule ule wa siku zote, kwa kuwa mkanda wa namna hiyo hufungia mizigo ndani ya ndege, na ndugu yako ndiye aliyekuwa akifunga mizigo ndani ya ndege, je, nina lolote la kukuambia.

Ninalo. Nivumilie nianzie mwanzoni mwa mwaka ule, kwa sababu nikianza na neno la mwisho utadhani nilikuwa mtu mwingine, na sikuwa mtu mwingine.

Januari ya mwaka 1982 kikosi chetu kilikuwa na ndege tatu na kazi moja, kupeleka. Tulikuwa wanamaji ambao hawakuwahi kulala melini. Tulipeleka unga, barua na vipuri kwenye vituo vya kusini. Mwezi ule tulipeleka Ushuaia kiti cha daktari wa meno, na fundi wetu wa injini, Bevilacqua, alisafiri amekikalia njia nzima, mdomo wazi, akimwomba rubani amng'oe jino la nyuma. Mimi nilikuwa mpanga mizigo. Unakumbuka nilivyokueleza mezani kwako: kabla ndege haijaruka nakokotoa uzito wote na mahali utakapokaa, kisha namwambia rubani neno moja, imejaa au haijajaa. Nikisema imejaa, hata mkuu wa kikosi haongezi kofia yake. Mke wa ofisa mmoja mkubwa aliwahi kuacha sanduku la pili chini ya bawa akinitukania ukoo, yaani na wewe ukiwemo. Kuanzia siku ile waliniita Mizani. Nilijifanya silipendi jina hilo. Nililipenda kuliko jina la ubatizo.

Mizigo tuliipima, watu hatukuwapima. Kwa watu nilikuwa na kadi ya jedwali katika mfuko wa shati: askari mmoja na mavazi yake, kilo themanini na tano. Kadi hiyo ilikaa kifuani pangu miaka kumi na moja, ikawa laini kama kitambaa.

Aprili, vita na Waingereza vilipoanza, tulipeleka vijana visiwani, na Lisandro alikuwa miongoni mwao. Hayo unayajua, nilikuandikia wiki ile ile. Sikukuandikia mzaha wake. Alipanda amejaza mifukoni chokoleti na soksi za sufu ulizomtumia, mashavu yamejaa, akaniuliza mbele ya wenzake kama mjomba amempangia kiti cha watu au cha viazi. Nikamwambia akae alipo, ameshahesabiwa. Wenzake wakacheka, na tangu hapo wakawa wanamwita Kiazi. Siku ile jedwali halikudanganya. Walikuwa vijana wa kilo themanini na tano kweli, wanaimba.

Mei mabomu yalianza kuanguka kwenye uwanja wa visiwani, na mwaka wetu ukageuka. Tuling'oa viti vyote. Tulivuka bahari chini sana, chumvi ikiganda kwenye vioo. Tulitua, injini hazikuzimwa, tukateremsha dawa, risasi na magunia ya barua, tukapakia majeruhi, tukaondoka kabla dakika kumi na tano hazijatimia. Njia ya kurukia ilikuwa imeng'atwa na mabomu upande mmoja, hivyo ndege ilipaswa kuinuka upesi, na uzito ukawa ndio roho zetu. Marubani, ambao zamani walinipungia mkono tu, sasa walinitazama usoni nikitamka takwimu zangu. Sikuwahi kukosea. Nakuambia si kwa kujisifu. Nataka ujue nilikuwa nani asubuhi ile Bevilacqua aliposema alilosema.

Tulikuwa katika bohari tukinywa ile chai yetu ya mate, kibuyu kimoja kikizunguka kwa zamu. Bevilacqua, ambaye hakuweza kupitisha kibuyu bila utani, aliwaambia wenzetu kwamba Mizani ana mpwa huko visiwani, sasa ndiyo tutaona kama mizani haina kidole kinachoibonyeza. Wote wakacheka, nami nikacheka. Nilimjibu kwamba hata mama yake yeye, akija na makalio yake yale, atahesabiwa kilo themanini na tano kama mwingine yeyote. Utani ukaishia hapo. Kwangu haukuishia hapo, Nélida. Ulikaa kifuani pamoja na kadi.

Sasa nakuambia nililokuficha. Nilikuandikia Julai ya mwaka ule, na nikakuambia tena kwa mdomo wangu jikoni kwako, kwamba baada ya Aprili sikumwona Lisandro tena. Nilimwona. Ilikuwa tarehe kumi na moja Juni, kwenye saa kumi jioni, jua la huko linapozama.

Tulikuwa tumeteremsha mizigo. Wagonjwa walipangwa mstari mmoja nyuma ya ukuta wa mapipa, kila mmoja na karatasi ya daktari imefungwa kwenye kifungo cha koti. Niliwapitia nikiwahesabu, na wa arobaini na tisa aliniita mjomba. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa sauti. Miguu ilikuwa imevimba kwa maji ya mahandaki, ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Alikuwa ameshika suruali kwa mkono mmoja isimwanguke, na mkono wa pili anapiga saluti ya mchezo. Aliniambia kwamba Kiazi kimemenywa. Nikachomoa mkanda wa mizigo begani, nikaukata kwa kisu, nikauzungusha kiunoni mwake na kuukaza mimi mwenyewe, kama wewe ulivyokuwa ukimfunga alipoanza shule. Hakulalamika juu ya mtu. Aliniuliza habari zako, akauliza kama mbwa amezaa. Nikamwambia amezaa sita. Sikujua kama amezaa.

Kisha nilirudi mlangoni na kadi yangu. Kwa njia ile iliyobomolewa na mafuta tuliyohitaji kurudi, watu wangeweza kuwa kilo elfu tatu mia nane na ishirini na tano. Gawanya kwa themanini na tano, unapata arobaini na watano. Nilipandisha arobaini na watano. Rubani wetu, Kapteni Iriarte, alitoa kichwa dirishani, akautazama mstari uliobaki, akaniuliza waziwazi kama tunaweza kuongeza wachache, maana hawa wanaonekana wepesi. Ndivyo alivyosema, wanaonekana wepesi. Aliyesema hivyo alikuwa amewaona kwa mbali, kupitia kioo. Mimi nilikuwa nimetoka kumzungushia mmoja wao mkanda.

Nikamwambia imejaa.

Nimekuwa na miaka thelathini na sita ya kujiuliza kwa nini, na sitakudanganya kwa jibu zuri. Sikuogopa ndege kuanguka. Ningeongeza watano, tungeruka, hilo nililijua kama ninavyojua njia ya kwenda kwako. Lakini kati ya hao watano wa nne angekuwa Lisandro, na Bevilacqua alikuwa amesimama kando ya gurudumu akinitazama. Kama wa arobaini na tisa angekuwa mtoto wa mama mwingine, nadhani ningefumba jicho. Kwa kuwa alikuwa wako, nilishika jedwali. Nilitaka wasiseme kwamba Mizani alibonyeza. Ndilo jambo lenyewe, Nélida, halina jingine nyuma yake.

Lisandro hakuniomba kitu. Aliona mlango unafungwa, akapiga kelele juu ya mngurumo wa injini kwamba atakuja na ndege ijayo, nimtunzie kiti cha viazi. Hakukuwa na ndege ijayo. Waliobaki, wale walioweza kusimama, walirudishwa kwenye vikosi vyao, na alfajiri ya tarehe kumi na nne, saa chache kabla vita havijakwisha, alikuwa amekufa.

Bado sikujua ukubwa wa nilichofanya. Nilijua nimemwacha, nikajiambia nafasi haikuwepo, hesabu ni hesabu. Mwishoni mwa Juni vijana wetu waliotekwa vitani walirudishwa kwa meli, na kikosi chetu kikapewa kazi ya kuwasambaza makwao. Siku moja adhuhuri kundi lao lilikuwa likisubiri katika bohari yetu, pembeni ya mizani kubwa ya mizigo. Kijana mmoja wa mkoa wa Chaco alipanda juu yake kwa mchezo. Mshale ukasimama kwenye hamsini na saba, na koti na viatu vyake. Mwenzake akamwambia ashuke, gunia la vitunguu linamzidi, kisha akapanda yeye, akapata hamsini na tisa, akajitangaza bingwa wa uzito wa juu. Wakajipanga mstari, wakicheka, wakishindana. Sitini. Sitini na tatu. Hamsini na nane. Nilisimama na karatasi mkononi, sikuweza kuwaambia washuke.

Nilienda nyuma ya masanduku nikakokotoa. Kwa kilo sitini kila mmoja, wale arobaini na watano niliowapandisha walikuwa kilo elfu mbili na mia saba. Iliyobaki ingechukua wengine kumi na wanane. Mstari wote uliobaki ulikuwa na watu kumi na watatu. Tungeondoka na wote, Nélida, na ndege ingekuwa bado na nafasi.

Desemba kikosi kilifanya karamu ya kufunga mwaka, nyama juu ya makaa chini ya bawa la ndege, kama kila mwaka. Nilipewa cheti chenye fremu kwa kazi isiyo na kosa hata moja la uzito. Bevilacqua ndiye aliyepiga makofi zaidi, kwa moyo safi, maana hakujua kitu na utani wake alikuwa ameshausahau. Usimchukie. Hakunizuia mtu.

Mwaka uliofuata nilikuja kwako. Unakumbuka nilishindwa kula. Ulidhani ni huzuni kama yako, ukanikatia nyama vipande vidogo kama mgonjwa, na ukaniambia kwamba angalau mimi sikumwona akiteseka. Nikakubali kwa kichwa. Baada ya hapo sikuweza tena kukaa mahali ambapo ungeweza kunihurumia. Watu wa kwetu Goya walisema nimekimbilia Uhispania kwa sababu ya siasa, wewe ukasema ni aibu ya kushindwa vita, nami nikawaacha mseme. Nimeishi hapa kati ya vitabu vya watu waliokufa, navinunua kwa wajane na kuviuza kwa wanafunzi. Katika vyote nilivyosoma sijakutana na sentensi ambayo ingenisaidia kukuambia haya. Nimeyasema kwa zile nilizokuwa nazo.

Umeniomba nije kwenye misa ya Juni, niketi kando yako kiti cha mbele, kwa kuwa ndimi mwanamume pekee wa nyumba yetu niliyebaki. Tiketi ninayo. Ila sitaki uniwekee nafasi hiyo bila kujua unamwekea nani. Ukinijibu nije, nitakuja, na nitaketi utakaponiambia, hata kama ni nje. Usipojibu, nitaelewa, nami nitaendelea kukuandikia habari za mvua, usome au usisome.

Nisalimie nyumba. Mwagilia ule mlimau wa mama kwa niaba yangu, kama bado upo. Tunza goti lako, na kanisani usisimame muda mrefu kwa ajili ya macho ya watu.

Na lile swali lako jingine, kama tuombe turudishiwe vitu vyake, nakusihi rozari uichukue, lakini mkanda waambie wauache pale pale naye. Niliuvuta mpaka bizimu ikagota, Nélida, na bado mkono wangu ulipita kati ya mkanda na kiuno chake.

Mdogo wako,
Anselmo