Perege Asiye na Alama ya Wavu

Jumanne, Soweto

Usiku huu nimeinuka mara tatu kwenda kuwasikiliza watoto wanavyopumua.

Asubuhi ziwani perege walikuwa wanaelea tumbo juu, na waliobaki hai wanatweta midomo wazi. Nilijaza chupa zangu za maabara. Mzee mmoja alikuwa anawaokota kwa ndoo. Nikampa shikamoo, nikamwomba awaache, huenda maji yana sumu.

"Mwanangu, samaki akijileta mwenyewe nani atamkataa?"

Nikacheka. Mimi, mpima maji, nikacheka!

Kurudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amepika ndizi na perege wa soko la Pasua, wa bei chee. Watoto walishakula. "Wewe nimekuwekea kichwa," akasema.

Nilikigeuza karibu na taa. Samaki wa wavu hubaki na mkwaruzo nyuma ya mashavu. Hiki hakikuwa nao.

Labda wale wa ziwani walikosa hewa tu majini. Labda. Majibu ni Ijumaa, na Ijumaa ni mbali.

Nilimwambia mama nimeshiba. Akakichukua yeye, akaanza kukifyonza. Nilifungua mdomo nimzuie, kisha nikainuka kwenda kuwasikiliza watoto.