Mafuta Uliyomuuzia Mkwe Wetu

Kaka yangu wa tumbo moja,

Barua hii sikuifunga. Nimewapa akina mama wanaovuka mpaka wa Grande Barrière kuja Goma kila asubuhi na vikapu vyao vya mboga, nikawaambia anayejua kusoma aisome, na asiyejua asomewe. Nimefanya hivyo kusudi. Mambo yako tumeyafunika vya kutosha humu ndani, na kila tulipoyafunika yalizidi kunuka.

Nimepata salamu zako. Umesikia huko Goma kwamba akina Anselme wanarudi Jumamosi kuniposa mara ya pili, ukatuma neno kwamba utakuja kusimama mahali pa baba. "Muambie dada, hakuna mutu anaweza kumutoa mutoto wa baba kama mi siko." Ndivyo nilivyoletewa. Nilikuwa napepeta maharage. Niliweka ungo chini, nikatoka nje, nikatema mate, wala sisemi hivyo kwa kuipamba barua. Nilihisi kama mtu aliyemeza nzi.

Mahali pa baba! Unakumbuka mahali pa baba palikuwa wapi? Mimi nakumbuka. Palikuwa nyuma ya usukani wa lile lori la kahawa, kule Karagwe, ugenini tulikozaliwa. Akitaka kujaza mafuta alituita sote wawili, akatudondoshea tone kiganjani. Petroli nzuri ilikauka mara moja ikaacha baridi tu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa iliacha utelezi, ukisugua vidole vinang'aa. Wewe ulikuwa hodari kuliko mimi. Ulifumba macho, ukanusa, ukasema "hii siyo, baba", naye akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akawaambia wenzake kwamba pua ya mwanawe haidanganyiki. Nilikuwa nakuonea wivu kwa ajili ya pua hiyo.

Na sikatai kwamba ulitufaa. Tuliporudi Rwanda tukimwacha baba kwenye udongo wa watu, wewe ndiye uliyetutafutia chumba hapa Gisenyi, ndiwe uliyekaa kando ya barabara na chupa zako za petroli, jua lako na mvua yako, mpaka chupa zikawa madumu na madumu yakawa mapipa. Kiswahili cha Karagwe ukakitupa kama shati lililochakaa, ukavaa cha Goma chenye viraka vya Kifaransa; kila neno likawa "bon", kila jibu "donc". Tulikucheka, mama na mimi, lakini tulijivuna. Jioni ulikuja na mkate umeukumbatia kwapani, ukinuka petroli, nami niliipenda harufu ile kwa sababu ilimaanisha umefika salama. Siku hizi gari likipita karibu yangu nafunika pua.

Sasa nisikilize, na wanaosoma wasikilize.

Anselme unamjua, mwalimu wa Mudende kule juu mlimani, aliyelelewa na mjomba wake Mzee Karoli. Nao ni watu waliorudi kama sisi, wao wametoka Masisi ya Kongo, wamelima viazi mpaka wakapata ile Hilux yao kuukuu. Siku moja kabla ya kuja kuniposa, Mzee Karoli aliteremka mjini kutafuta petroli. Kituo cha mafuta alikipita. Alikuja kwako. Nilikuwa mlangoni na mama, nikamsikia akisema: "Mi siwezi ruka mulango ya bakwe, niende kununua kwa mugeni. Itakuwa haya." Alikuheshimu kabla hata hujawa shemeji wa mtoto wake.

Ukafungua dumu. Yule mzee akanyoosha kiganja, vilevile kama baba, nami nikasema kwa furaha, huyu ni mtu wa kwetu. Kisha akakirudisha. Akakifuta kwenye koti ingawa kilikuwa kikavu. "Apana," akasema, "kitu ya bakwe habanuse."

Wewe na mimi tumelelewa na sheria hiyo. Unakumbuka nilivyofinywa na mama kwa shangazi, nilipoyanusa maziwa kabla ya kunywa? Nilifinywa mpaka nikamwaga kidogo. Mama akaniambia nyumbani kwamba ukinusa ulichopewa, umemwambia mwenyeji anaweza kukulisha uchafu. Basi mzee alikuwa anatupa heshima tuliyofundishwa kuitoa. Nawe ukacheka. Ukasema, "Karibu sana, muzee, iko ya kwetu hii," ukashika mrija kwa mkono wako mwenyewe, ukamimina mpaka ikafurika, na tone lililoanguka ukalipangusa kwa kitambaa, kwa adabu kabisa. Mwizi wa usiku angalau hujificha.

Siku ya pili nyumba ilijaa. Mama alikuwa amekopa viti mtaa mzima. Mimi nilifungiwa chumba cha ndani na wasichana wenzangu, nimepakwa mafuta, nimevaa mshanana wa kuazima, ile nguo ya sherehe ya kufunga begani, nikichungulia kwenye pazia. Saa ya wageni ikafika, ikapita. Wazee wa kwetu wakaanza kutazama mlima. Wote walijua miaka hii barabara ya juu haimngoji mtu. Ikifika alasiri askari wanaifunga kwa hofu ya mashambulizi, na aliye njiani anajua mwenyewe. Mama alitoka, akarudi, akatoka tena. Wewe ulikuwa umekaa kitako kwenye kiti cha katikati, fimbo ya msemaji wa familia mkononi. Mjomba wetu alikuachia nafasi hiyo kwa shingo upande, kwa kuwa desturi inapenda mzee mwenye ulimi, lakini uling'ang'ania. Ulisema baba hayupo na wewe ndiye baba.

Wakaja kwa miguu.

Baadaye niliambiwa yaliyowapata. Gari asubuhi lilikataa kuwaka kwa baridi ya kule juu, wakalisukuma vijana kwa wazee. Lilipowaka likaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria, likatoa moshi, likakosa nguvu kwenye kila kilima, mwisho likazima kabisa. Wakatoa plagi, zikawa nyeusi na zimelowa. Wakazifuta, likawaka, likafa tena. Anselme akavuta mafuta kwa mpira kuyatazama, yakamjaa mdomoni, yakamwagikia shati lake la sherehe. Aliyavuta, akatema, akamtazama mjomba wake, na mjomba akatazama pembeni. Hakuna aliyetaja jina lako. Wakajitwika pombe na vikapu vya zawadi, wakateremka na kina mama wao, viatu mkononi, ili wasituvunjie siku.

Katika kuposa tunataniana, hilo najua. Wenyeji hujifanya hawawajui wageni, huwatoza faini ya kuchelewa, watu hucheka, mambo husonga. Lakini wewe ulisimama na fimbo yako, na kwa kuwa binamu zetu wa Goma walikuwepo, ulisema kwa Kiswahili ili nao wapate kucheka:

"Nyie muko bakwe gani? Batu banakuja kuomba mutoto na miguu, nguo inanuka, sawa bakimbizi!"

Wakimbizi. Ulilitamka neno hilo mbele ya mama, aliyekuzaa chini ya turubai. Mbele ya wazee ambao hakuna hata mmoja wao asiyewahi kulala kwenye ardhi ya mwingine. Nilimwona mama akiinamisha kichwa kana kwamba amepigwa kibao.

Na ukasema "inanuka"! Anselme alikuwa amesimama karibu na dirisha langu, na upepo wa ziwani ukaniletea harufu yake. Mafuta ya taa. Si petroli, mafuta ya taa, ya kwenye kibatari. Wasichana walibana pua na kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu akili ilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye yale mapipa yako. Siku zile tulikuwa tukilala mapema gizani, wewe ukituambia mafuta ya taa yameadimika sokoni, na mama akikuombea Mungu kwa kuhangaika. Kumbe yalikuwepo, ila uliyatia kwenye petroli ya watu.

Mzee Karoli hakukujibu matusi. Aliweka kibuyu cha pombe kizingitini, taratibu, akasema: "Siye tulikunywa kile mulitupatia. Njia inafungwa. Tunarudi." Basi. Angeweza kukuumbua mbele ya kila mtu, akachagua kuondoka. Nawe ukakaa, ukamiminiwa, ukanywa pombe yao.

Kesho yake asubuhi nilikufuata nyuma ya nyumba. Unakumbuka nilichokuuliza. Sikuuliza kwa nini unachanganya; wachanganyaji wamejaa mji huu, na njaa naijua. Nilikuuliza kwa nini wao, maana madumu yako mazuri nilikuwa nayaona, yamepangwa upande wa pili, yamefunikwa vizuri. Hukuona hata aibu ya kutazama chini. Ulinieleza kama anayemfundisha mtoto kazi:

"Bon, dada, sikia. Ile ya muzuri iko ya ba-chauffeur ya bazungu na ya bakubwa. Bale voiture ikiharibika, banarudi na basoda. Donc mi nabapatia ya muzuri. Ndugu yeye harudi. Mukwe atasema nini? Ataona haya, atanyamaza."

Kaka, nimesikia maneno mengi mabaya maishani mwangu, na mengine ya watu waliotaka kutuua. Hakuna lililonichafua kama hilo. Uliitazama heshima ya yule mzee, kiganja chake alichokirudisha, ukaona hapo ndipo pa kumwagia taka zako. Wageni wenye madereva, wanaorudi na askari gari likiharibika, uliwaogopa, ukawapa safi. Sisi tuliokupenda tukawa jalala. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani nitakuwa nakifulia nguo na kukipikia ugali.

Unajua yaliyofuata, ingawa ulishakimbilia ng'ambo, huko Goma. Ile injini walishindwa kuitengeneza, viazi vikaozea shambani kwa kukosa gari, na kule Mudende wakasema nyumba inayowalisha wakwe uchafu haiwezi kulea msichana msafi. Sikuwalaumu. Nikienda sokoni wanawake walishusha sauti. Mama akawa anasema mafuta yaliharibikia njiani, kwamba wewe ulidanganywa na waliokuuzia. Alisema hivyo kwa kila mtu, hata kwangu mimi niliyekusikia kwa masikio yangu. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na nilikuchukia zaidi kwa kumfanya mama yetu kuwa mwongo uzeeni.

Anselme hakuoa mwingine. Alikataa kila aliyetajiwa. Juzi Mzee Karoli akateremka peke yake, kwa miguu, akakaa na mama na mjomba kwenye mkeka. Alisema mtoto wao hataki mwanamke mwingine, na kwamba wao wako tayari kuja tena. Hakudai gari wala ng'ombe wa fidia. Aliomba jambo moja, tena kwa kuzungukazunguka, kwa haya zake zilezile: yule msemaji wa siku ile asiwepo. Mjomba akanitazama mimi. Desturi inasema kaka ndiye anayenitoa, na jambo la kaka kukatazwa nyumba ya mama yake si dogo. Sikuhitaji muda wa kufikiri. Nilisema, "Hatakuwepo, mzee."

Basi ndipo salamu zako zikafika, kwamba unakuja tupende tusipende. Nakujua. Utavaa suti, utaleta soda na vicheko, utamkumbatia Mzee Karoli mbele ya watu, na yeye kwa heshima atakukumbatia pia, kisha atarudi Mudende na nitabaki hapa nimezeeka. Hiyo ndiyo silaha yako, haya za wengine. Wewe mwenyewe hujawahi kuwa nazo.

Mjomba, kwa wema wake, alitaka tuwaambie wageni kwamba unaumwa, umelazwa Kongo. Nimekataa. Nimemwambia wakiuliza ajibu hivi: kaka yake yupo, ni mzima wa afya, yuko Goma, karibu tu hapo, na dada yake ndiye aliyemkataza.

Niliposema hivyo mama alikuwa anasikiliza. Nilidhani atakutetea kama siku zote. Alilia sana, kaka, alilia mpaka nikatamani kuichana barua hii. Kisha akajifuta kwa kanga, akaniuliza nimeandika nini mwishoni. Nikamsomea. Akasema herufi zangu ni ndogo mno, utasingizia hukuziona. Niandike upya, kubwa, na niseme ni yeye pia.

USIJE.

Mama yako, na mimi dada yako