Jina la Shangazi Kwenye Fomu

Kasubi, Jumapili

Shangazi Zuleika,

Tangawizi yako imefika salama kutoka Bombo, na watoto wote wazima. Titi la kushoto walilitoa mwezi wa tatu. Nimelisema mara moja, tusilirudie.

Dawa zako za majani, zile za bustani yako ya nyuma ya jiko, nilizificha chini ya kitanda cha hospitali, nikidhani dokta atanigombeza. Alipoziona, alizimwaga mezani akaniuliza jina la kila moja. Nikazitaja zote bila kukwama, kama ulivyonifundisha, na wanafunzi wake wakaandika. Mzizi mchungu ameukataa, maana unagombana na dripu za saratani. Usinune. Tangawizi amesema niendelee nayo, inatuliza tumbo, na kweli siku hizi nakula.

Juzi nilimaliza dripu ya mwisho. Nesi akaniletea fomu ya kuuliza kama nimeridhika na matibabu. Nikaweka alama ya juu kabisa. Palipoulizwa nani alikuhudumia, nikaandika jina la dokta, na chini yake lako.

Nesi akauliza, "Huyu Zuleika ni wa wodi gani?"

Nikamjibu, "Yeye yuko Bombo. Wodi yake iko nyuma ya jiko."

Mwanao,
Lailah